Dada Sikio na Mashine Iliyobisha Hodi

Sikio la kushoto la dada yangu lilikufa miaka arobaini kabla yake. Homa ilimpiga akiwa na miaka tisa, na ilipomwachia, upande ule haukusikia tena hata ukimpigia kengele. Mama alilia. Baba, aliyekuwa bado hai, alisema msichana mwenye sikio moja atasikia nusu tu ya matusi ya dunia, kwa hiyo tumshukuru Mungu.

Mtaa mzima ulimwita Dada Sikio, na hawakuwa na maana ya lile zima. Alikuwa na kama miaka kumi na tatu alipokuja kuninong'oneza, mimi kitinda mimba wa nyumba nikiwa na sita: "Kitinda, friji linaongea. Upande huu." Akagusa sikio lililokufa. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye friji letu akitafuta ubaridi, na ngurumo ya mota ikampenya kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Baadaye daktari alitueleza kwamba sauti hupita hata kwenye mfupa, wala si jambo la kushangaza. Lakini mimi, kwa muda mrefu sana, sikuligusa lile friji kama nilikuwa peke yangu jikoni.

Alisomea umeme kwenye chuo cha ufundi, msichana pekee darasani, akaajiriwa miaka kadhaa kusuka upya mota zilizoungua, kisha akafungua karakana yake pamoja na mzee mmoja tuliyemwita Bwana Taratibu. Huyu alikuwa fundi hodari, ila ukimtuma chumvi ya chakula cha mchana mtaitia kwenye chakula cha jioni. Juu ya mlango waliandika kwa rangi nyeupe: TUNAUNDA UPYA. Watu waliuliza kama ni makosa ya maandishi, labda walitaka kuandika tunauza mpya.

Nieleze walichofanya, maana wengi hawajakielewa hadi leo. Pampu ya maji, feni, friji, mashine ya hospitali, kitu chochote ambacho mwenyewe amekichoka au kimemshinda, Dada alikinunua na kukipakia kwenye mkokoteni. Hakuwa anatengeneza palipoharibika tu na kukurudishia. Alikivua chote, skrubu moja moja, mpaka kikabaki mifupa mezani. Kila kipande kilisafishwa na kupimwa. Kizuri kilibaki, kibovu kilitolewa, na kilichokosekana kilitoka kwenye mashine nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Kisha akakiunganisha upya, akakijaribu, akakiuza kwa dhamana ya mwaka mzima, kama kilivyouzwa siku ya kwanza dukani.

"Hii si ni mtumba?" mama mmoja alimuuliza siku moja nikiwepo, akiigusa mashine ya oksijeni kwa ncha ya kidole kama anayegusa chuma cha moto.

"Mtumba ni shati, dada. Shati unafua, unavaa. Hii nimeivua mpaka mfupa."

"Lakini nasikia mwenyewe alikufa."

"Alikufa yeye. Mashine haikuwa kwenye jeneza."

Yule mama alicheka huku akirudi nyuma. Hakuinunua siku ile. Alirudi wiki iliyofuata, mumewe alipozidiwa, na mashine ikamfaa.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kazi yake. Mashine za oksijeni alizozipata zilitoka karibu zote kwenye nyumba zilizofiwa. Mgonjwa akishaondoka, watu wa nyumbani hawataki kuiona ile mashine pale kitandani, imenyamaza, mrija wake umekunjwa vizuri. Humwita mtu yeyote aichukue, na ikikosa mtu hutupwa. Dada alikwenda mwenyewe. Alikaa na wafiwa, akauliza ilikuwa ikisikikaje siku za mwisho, akaandika.

Kwenye karakana kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, kina kigoda na plagi moja. Kabla mashine haijaguswa kwa bisibisi, iliwashwa mle na kuachwa ikifanya kazi kutwa nzima, naye alikaa mbele yake. Bisibisi ndefu, ncha kwenye mwili wa mashine, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio lililokufa, macho yamefumbwa. Mkono mwingine uliandika. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya hewa, na wapita njia waliochungulia waliondoka haraka. Kanuni ilikuwa moja: mtu anayesikiliza hasumbuliwi.

Kazi ikimalizika, alichoandika kilitiwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungiwa ndani ya mashine, nyuma ya bamba la mgongoni. Alikiita cheti. Kilisema imetoka wapi, ilisikikaje, kimebadilishwa nini, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, KISICHOBADILISHWA. Alisema hapo ndipo fundi mwaminifu anapojulikana. Mstari wa mwisho ulikuwa ule ule siku zote: Ukifungua, sikiliza kwanza.

Mchungaji aliwahi kumsifu kanisani mbele ya watu wote, akasema binti yetu huyu anafufua mashine zilizokufa. Dada aliinamisha uso. Ibada ilipokwisha alimfuata mlangoni. "Mchungaji, usinipandishe cheo. Kufufua kuna mwenyewe. Mimi naunda upya, tena kwa dhamana ya mwaka mmoja tu."

Mapafu ya Mama yalipochoka, daktari aliandika kwamba anahitaji oksijeni saa zote za kulala na nyingi za kuwa macho. Dada hakununua mashine. Alijifungia wiki tatu, akaunda moja kutokana na tatu: kompresa ya kusukumia hewa kutoka hii, mitungi ya kuchujia kutoka ile, sanduku na vali za kufungua na kufunga hewa kutoka nyingine. Mashine hizi huvuta hewa ya kawaida chumbani na kuisukuma kwenye mitungi miwili yenye chembe nyeupe kama sukari ya mawe. Mtungi mmoja unachuja, mwingine unapumzika, kisha inapokezana zamu, na kila inapopokezana unasikia kama mtu anashusha pumzi. Fuuu. Sekunde kadhaa. Fuuu.

"Mama," Dada alisema akiiegesha kando ya kitanda, "hii imetoka kwa watu watatu."

"Watu watatu chumbani kwangu," Mama akajibu, "na sina hata viti."

Mwaka mzima ile mashine ilipumua na Mama alipumua nayo. Dada aliishi upande wa pili wa barabara na alikuja kila jioni. Alikuwa na ufunguo wake, lakini tangu aanze kuiunda mashine ile alikuwa anabisha hodi kwa namna yake: ngo ngo ngo, kimya, ngo ngo ngo. Kisha ndipo anafungua. Nilimcheka nikamwambia, "Wewe ni mgeni au ni polisi?" Alicheka naye, akatazama mkono wake kama si wake.

Dada alifariki Alhamisi asubuhi. Moyo ulisimama tu, daktari alisema, bila kumpigia kelele. Alikuwa kwenye chumba cha kusikiliza. Bwana Taratibu alipita mlangoni saa tatu, akamwona amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, macho yamefumbwa, bisibisi iko mkononi, na mbele yake friji linanguruma. Akapita taratibu asimsumbue. Alipita tena saa nne. Alipita tena saa tano na nusu. Saa sita alimpelekea chai, na chai ilikuwa imeshamwagika sakafuni kabla hajapata sauti ya kuita watu.

"Kwa saa tatu nzima nilimwachia," aliniambia makaburini. "Nilidhani anasikiliza."

Nilimshika mkono tukasimama hivyo.

Siku tisa baada ya mazishi, saa nane mchana, jua limewaka kiasi kwamba hata kuku wa jirani walinyamaza, nilikuwa sebuleni nakunja nguo. Mlango ukabishwa. Ngo ngo ngo. Kimya. Ngo ngo ngo.

Niliiacha nguo nusu imekunjwa. Nilijikaza nikaenda kufungua. Hapakuwa na mtu. Barabara ilikuwa nyeupe, tupu mpaka kwenye kona. Nikafunga, na nyuma yangu, ndani ya nyumba, ikabishwa tena.

Niliingia chumbani kwa Mama. Alikuwa macho, mrija puani, anatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu Alhamisi.

"Hayuko mlangoni, mwanangu," alisema. "Yuko hapa."

Akaweka kiganja juu ya mashine. Mashine ikashusha pumzi, fuuu, na ndani yake, wazi kabisa, ikabisha: ngo ngo ngo.

Nimelelewa kanisani. Ninasoma masomo ibadani na ninajua Maandiko yanasema nini juu ya kuwaita wafu. Nilipiga magoti palepale nikaomba, na nilipofika kwenye amina, ikabisha tena kama mtu aliyekuwa anangoja nimalize.

Siku ya pili niliogopa. Siku ya tatu niliogopa kidogo. Siku ya nne, lazima niseme ukweli, nilivuta kiti.

Hivyo ndivyo tulivyoishi karibu wiki tatu. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya msiba. Nilimaliza kazi za nyumba mapema ili mchana tukae, Mama kitandani na mimi kitini, tukimsikiliza. Mama alimsimulia habari za siku: nani alikuja kutoa pole, nani hakuja na sababu aliyoitoa. Akinyamaza, mashine ilibisha. Mara nyingine ilikaa robo saa bila kubisha, nasi tukakaa hatuthubutu hata kukohoa. Ilipobisha tena, tulishusha pumzi wote watatu pamoja.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuja kumjulia hali Mama. Alikunywa chai nusu kikombe.

"Nani anabisha?" aliuliza.

"Dada yake," Mama alimjibu, akinielekezea mimi kwa kidevu, kama anayesema maziwa yamo jikoni.

Jirani alikiweka kikombe chini polepole sana. Alikumbuka kwamba ameacha kitu jikoni.

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa nayo habari. Bwana Taratibu alikuta feni nje ya mlango wa karakana, limegeuzwa uso kuelekea ukutani. Halikuwa na ubovu wowote. Siku iliyofuata yalikuwa matatu na pampu moja ya maji, vyote vimegeuzwa hivyo hivyo, kama watoto waliopewa adhabu. Kila mmoja aliyewahi kununua kitu kwa Dada alikuwa amekaa kitako nyumbani kwake na kukisikiliza. Mtu akikisikiliza kitu kwa hofu, hakosi la kusikia.

Jumatatu moja Bwana Taratibu alisimama getini kwetu na mfuko wake wa vifaa. "Mwezi umefika. Marehemu alikuwa akiikagua mashine ya mama kila mwezi. Nimekuja mimi."

"Ni nzima," nikasema. Sikufungua geti.

"Inasikikaje?"

Nilikuwa na Biblia mkononi, nilikuwa natoka kumsomea Mama. Nikamwambia mzee yule, aliyekuwa amevaa tai kwa heshima ya dada yangu, "Kama kawaida."

Alinitazama kidogo. "Sawa, binti yangu," akasema, akageuka. Nilimtazama akitembea mpaka kona, na ilimchukua muda wake. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kumwita arudi.

Mchungaji alikuja Alhamisi. Alikaa kwenye kiti changu akaisikiliza mashine muda mrefu, mikono magotini.

"Nilitaka uombe," nikamwambia pembeni. "Kama ni yeye, apumzike. Kama si yeye..."

"Nimeombea watu wengi," alisema. "Ila hiki kina plagi. Sikusomea vitu vyenye plagi." Kisha akauliza swali ambalo mimi, mtoto wa nyumba ile, sikuwa nimejiuliza kwa wiki tatu. "Mama mwenyewe anapumua vizuri?"

"Ndiyo," nikajibu bila kugeuza kichwa.

Alipokwenda, niligeuza kichwa. Mama alikuwa amesinzia mdomo wazi. Kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau. Nilikitafuta kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Dada alikuwa akikitumia kila jioni, na sisi tangu azikwe hatukukigusa. Kwa kawaida Mama alikuwa na tisini na tatu. Kilisoma themanini na nne. Kikasita, kikasoma themanini na tatu. Na mashine ikabisha, na safari hii haikungoja kama zamani. Ilibisha, ikapumua, ikabisha.

Usiku ule nilimkalisha Mama kwa mito mitatu, na kulipokucha nikamwambia ukweli. "Mama, mashine ni mbovu. Lazima ifunguliwe."

"Hapana."

"Huoni kucha zako?"

"Nimeziona. Kitinda, ukiifungua utamtoa. Nimemzika mara moja. Sitaki mara ya pili."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshapumua vya kutosha," alisema, akihema kwa kila neno. "Niache na mwanangu."

Nilikasirika. Sikujua kama mtu anaweza kumkasirikia mama yake mgonjwa kiasi kile. "Na mimi ni mwana wa nani?" nilimuuliza. "Niliokotwa?"

Aligeukia ukutani. Hakusema ndiyo, na hakusema hapana tena. Kesho yake, themanini na moja. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimpigia simu Bwana Taratibu nikalia kwenye simu, nikamwambia nilimdanganya getini.

Watu wa mtaa wetu bado wanasimulia walichokiona asubuhi ile: Bwana Taratibu alikimbia. Mfuko begani, tai imempitia mgongoni, na nyuma yake mtu wa mkokoteni akishindana kumfikia na mtungi wa gesi ya oksijeni wa akiba. Mtungi ulikuwa wa saa moja na nusu. Zaidi ya hapo hatukuwa na kitu.

Kabla hajaizima mashine, alinikabidhi bisibisi ndefu ya Dada.

"Mimi sijui," nikasema.

"Mfupani. Ndiyo kanuni yake, na masikio yangu yamezeeka."

Niliweka ncha kwenye sanduku na mpini nyuma ya sikio, nikafumba macho. Mungu anisamehe, nilitegemea kusikia jina langu. Kwanza ilikuja ngurumo, nene, imejaa kichwa chote, ikawa haiko tena nje yangu. Kisha pumzi. Kisha ngo ngo ngo, na haikuwa sauti ya mlango. Ilikuwa ndani ya taya langu. Na nyuma ya kila kishindo, kitu ambacho tukiwa kwenye viti hatukukisikia kamwe: mluzi mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kwa meno yaliyobana.

"Kuna kitu kinavuja," nikasema.

Tulimhamishia Mama kwenye mtungi wa akiba, na Bwana Taratibu akazima. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Kwa mwaka mmoja chumba kile hakikuwahi kunyamaza. Mama alifumba macho, machozi yakateremka yakapita juu ya mrija.

Bamba la mgongoni lilitoka na skrubu sita. Cheti kilikuwa mahali pake, kwenye plastiki, mwandiko wake umelala upande wa kulia kama kawaida. Bwana Taratibu aliniachia nisome. Nilisoma kwa sauti, maana Mama alikuwa na haki.

"Sanduku na vali zimetoka nyumba ya mwalimu mkuu mstaafu. Siku ya kusikiliza: inabisha tatu, inanyamaza, tatu. Mjane anasema ilianza mwezi wa mwisho. Alidhani ni mumewe anagonga kitanda kumwita, na alipokwenda alimkuta amelala. Baada ya mazishi iliendelea kubisha, akajua ni yeye, akakaa nayo miezi miwili kabla ya kuniita. Hakuna mtu. Ni kiwambo cha vali, kingozi cha mpira, kimekauka na kupasuka. Kikifunga kinadunda mara tatu. Kikifikia hapo mashine inatoa hewa tu, si oksijeni. Sikumwambia mjane."

Niliishia hapo. Bwana Taratibu alitazama kipimo cha mtungi, akanyanyua kidole: endelea.

"Nimeisikiliza kutwa mbili, mpaka sasa nyumbani nabisha hodi hivyo hivyo bila kutaka. Kitinda ananicheka. KISICHOBADILISHWA: kiwambo. Hakipatikani. Nimekigeuza kwenye upande wake ulio mzima, kitavumilia mwaka, si zaidi. Kikianza tena kubisha, usikae ukisikiliza. Badilisha."

Mstari wa siku zote, wa kusikiliza kwanza, kwenye cheti kile haukuwepo.

Niliishusha karatasi magotini. Kisha Mama akasema bila kufumbua macho, "Ni kweli. Zamani hakuwa anabisha. Alikuwa anaingia tu kama ng'ombe."

Bwana Taratibu alitoa kicheko kilichogeuka kuwa kitu kingine katikati. Akaichomoa vali, akanionyesha kiwambo kwenye kiganja: duara dogo jeusi, limepasuka upande mmoja, lisilofika ukubwa wa kifungo cha koti. Kitu hicho kilikuwa kimemhadaa mjane mmoja, mama mmoja na binti mmoja msoma Biblia.

"Kipya?" nikauliza.

"Hakuna kipya." Alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni kwake. "Ila nimekuja na kopo la Vingoja."

Vingoja ni vipande ambavyo Dada alivitoa kwenye mashine, vikiwa bado na maisha ndani yake, vikingoja mwili wa kufaa. Alimwaga vyote kwenye shuka: springi, pete, vizibo. Nilivipekua kimoja kimoja huku sindano ya kipimo ikishuka. Kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nikakifungua. Kiwambo, cheusi, laini, kimepakwa mafuta. Kwenye karatasi: Cha Mama. Jumamosi.

Alikuwa amekipata. Alikuwa amepanga kuja kukiweka Jumamosi. Moyo ukasimama Alhamisi.

Bwana Taratibu alifanya kazi kwa mwendo wake, na safari hii nilimshukuru Mungu kwa mwendo ule, kwa sababu mikono yake haikukosea hata mara moja. Mtungi ulikuwa umebakiza robo alipofunga skrubu ya sita. Akawasha. Ngurumo. Fuuu. Tulingoja, sote watatu, mimi na Mama kwa mazoea yetu ya wiki tatu. Fuuu. Hakuna aliyebisha. Fuuu.

Themanini na sita. Themanini na tisa. Baada ya muda, tisini na mbili. Rangi ya kucha ilirudi polepole, kuanzia chini.

"Sasa amekwenda," Mama alisema, akalia kwa sauti, na sauti ilikuwa na nguvu, na ndiyo iliyonifanya na mimi nilie.

Kabla bamba halijafungwa, Bwana Taratibu alikuwa amenipa kalamu. Chini ya mwandiko wa Dada niliandika: Kiwambo kimebadilishwa. Kimetoka kopo la Vingoja, alikitafuta yeye. Nikataka kuweka siku, nikamuuliza mzee leo ni lini.

"Jumamosi," akasema.

Hatukuwa tumepanga hivyo. Nimeandika kama ilivyokuwa, na sijaongeza neno.

Ninaandika haya kwa ajili ya wale waliorudisha mafeni yao na wanaogopa kuja kuyachukua. Njooni. Ndani ya kila kimoja kuna cheti. Fungueni wenyewe msome: hakuna maiti mle, kuna habari za mtu aliyekitumia na za mtu aliyekataa kitupwe. Vitu vyenu ni vizima. Dhamana ya dada yangu bado inahesabiwa, na sisi tutaitimiza. Siku hizi nikitoka kazini napitia karakana, na kigoda cha chumba kile sasa ni changu. Bwana Taratibu hupita mlangoni kila baada ya dakika chache na kukohoa, nami sharti nimjibu kwa kukohoa. Ndiyo kanuni mpya, na ameiandika ukutani.

Kiwambo kilichopasuka hakikurudi kwenye kopo. Mama alikiomba. Kimo ndani ya Biblia yake, na sikumuuliza kwenye kitabu gani.

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani jioni, jua bado lipo, nimebeba ndizi mkono mmoja na ufunguo mkono mwingine. Nilifika mlangoni na kabla ya kuingiza ufunguo nikauona mkono wangu umenyanyuka. Ngo ngo ngo. Ukakaa kimya hewani. Ngo ngo ngo.

Ndani, mashine ilishusha pumzi mara moja, mara mbili.

"Nani?" Mama aliita.

"Ni mimi, Mama. Kitinda."

"Najua," akasema. "Nilitaka tu ujibu. Ingia."